Mpishi wa Chombo cha Tano

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza asubuhi, na jioni nimeshusha maboksi yote kumi na mawili ya kadi kutoka juu ya kabati. Mume wangu, mzee wangu, amesimama mlangoni akayatazama yalivyojaa sebuleni, akauliza sasa wageni watakaa wapi. Nikamwambia, wageni gani, sisi tuna wageni? Akasema hatuna kwa sababu ya maboksi.

Daftari hili ni la msimu huu tu. Nilipostaafu masjala nilijiapiza sitaandika tena tarehe juu ya karatasi, na tazama. Kwa atakayelisoma, pengine mjukuu: Msafara ni mchezo wa redio, baadaye ukawa wa televisheni, kuhusu vyombo kumi na viwili vinavyosafiri angani kutafuta dunia nyingine ya kuishi watu. Una miaka thelathini na moja na bado hawajafika. Wapenzi wake wakibishana nani alikuwa nahodha wa chombo cha saba mwaka wa tatu, hufungua Mwongozo wa Msafara, ambao ni kitabu chetu. Tunakiandika watu watatu. Mimi niliyekuwa karani wa masjala. Fundi, anayetengeneza redio na aliyerekodi sehemu za mwanzo kwenye kaseti. Na Mwalimu, aliyefundisha fizikia miaka thelathini na bado hajaacha. Toleo la nne linatakiwa kwa mpiga chapa tarehe ishirini Mei.

Nina furaha. Niandike hilo kabla sijasahau.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao cha kwanza, karakana ya Fundi, saa tatu asubuhi kama ilivyo ada. Utaratibu haujabadilika: kila jambo lina kadi yake, na kadi haiingii kitabuni mpaka iwe na sahihi mbili za watu waliosikia au kuona wenyewe. Si kusimuliwa, si "nadhani". Mwalimu huisoma kadi kwa sauti ya darasani, halafu huuliza, "Shahidi wa kwanza? Shahidi wa pili?" utafikiri tuko mia.

Leo kadi sitini na mbili, tatu zimekataliwa. Moja ni yangu. Nina hakika kabisa kwamba taa za chombo cha pili ni za kijani. Fundi hakumbuki, Mwalimu hakuziona, kwa hiyo taa hizo hazina rangi mpaka upatikane ushahidi. Mwalimu akaipiga kadi mstari mwekundu kwa rula. Mtu na mvi zake anatembea na rula mfukoni.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimepanga herufi K yote.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja palepale. Mzee wangu amekinga ndoo na kusema hilo ndilo toleo lake la nne.

Jumamosi, 16 Machi

Leo siku imeharibika, na aliyeiharibu ni mimi mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita.

Tulikuwa tunamaliza kikao. Mwalimu akafunga kalamu yake nyekundu, akakohoa, akasema ana ombi. Mwalimu haombi, huagiza. Akasema angependa toleo hili liwe tabaruku kwa marehemu mkewe. Na ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya herufi A, angependa pawekwe maelezo ya Bi Chumvi, kwa sababu marehemu alimlilia.

"Alikuwa hapendi mambo ya vyombo na nyota," akasema. "Alikuwa anasikiliza kwa kunifurahisha tu. Lakini siku ile Bi Chumvi alipogawa maji yake, nilimwona analia. Mara moja tu katika miaka yote."

Fundi akasema hilo ni wazo zuri sana. Mimi nikasema ndiyo.

Bi Chumvi hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi.

Ilikuwa hivi. Toleo letu la kwanza liliibwa. Mtu wa mji mwingine alilichapa upya kwa jalada lake, makosa yetu yote yakiwa ndani, na hatukuwa na namna ya kuthibitisha. Wakati huo masjala yetu ilipakana na ofisi ya ramani, na mpima mmoja aliniambia kwamba wao huchora kichochoro cha uongo mahali fulani kwenye ramani. Mwizi akinakili, kichochoro kinamsema. Nikaipenda hiyo. Nikaandika kadi: "Bi Chumvi, mpishi wa chombo cha tano. Aligawa maji yake ya mwisho kwa wagonjwa, akafa kwa kiu. Sehemu ya 212." Nilichagua 212 makusudi, maana kaseti yake kwa Fundi ilikuwa imeota ukungu na haisikiki. Nikatia sahihi. Nikaitumbukiza kwenye rundo la kadi arobaini siku ambayo Mwalimu alikuwa na jino, shavu limevimba, anatia sahihi bila kusoma.

Nilikusudia kuwaambia wiki ileile. Wiki ileile mke wake akalazwa. Baada ya mwezi tukamzika, na toleo la pili likatoka, na mambo mengine yakawa makubwa kuliko kadi. Halafu siku moja, tukiandaa toleo la tatu, Mwalimu akatusimulia jinsi mkewe alivyomlilia Bi Chumvi. Nikadhani anatania. Nikamtazama usoni, hakuwa anatania.

Tangu hapo nimenyamaza. Mwizi mwenyewe hakurudi tena kuiba. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimo humo mwaka wa kumi na moja sasa.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia mzee wangu kila kitu, yeye akiwa anakata kucha. Akasema, "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako naona wameitia lami."

Halafu akaacha kucheka akaniuliza kama nitamwambia Mwalimu. Nikasema sijui. Akasema basi nisimwambie yeye tena, kwa sababu akikutana na Mwalimu hana uso wa kuficha.

Jumamosi, 23 Machi

Nilikwenda kikaoni nikiwa nimeamua kunyamaza milele. Fundi akatoa barua. Muuguzi mmoja wa huko bara anaandika kwamba baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alirekodi Msafara kuanzia sehemu ya 200 hadi ya 230, na kaseti ni nzima. Atazituma kwa basi barabara zikiruhusu.

Mwalimu akaichukua barua akaisoma mara mbili amesimama. "Mia mbili na kumi na mbili," akasema. "Nitaisikia tena." Hakuniambia mimi, hakumwambia Fundi. Alikuwa anajiambia mwenyewe.

Kadi arobaini na nane. Sikumbuki hata moja.

Jumatano, 27 Machi

Mvua kubwa. Redio inasema daraja la kwenda bara limekatika. Nimefurahi daraja kukatika. Mungu anisamehe, kuna watu wanalihitaji.

Jumamosi, 30 Machi

Kaseti hazijaja. Herufi M hadi N. Fundi anatuambia kuna mwanamke ameuita mkahawa wake Bi Chumvi. Amechora na sura yake ukutani, na mwiko mkononi. Mwalimu akauliza mwiko huo umetoka sehemu ya ngapi, kwa sababu hakuna kadi ya mwiko.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Mzee wangu amepata ndoo ya pili.

Jumamosi, 13 Aprili

Daraja bado. Leo nimemtazama Mwalimu kuliko nilivyotazama kadi.

Miaka yote nimemwona mtu wa majivuno. Ile rula, ile kalamu nyekundu, lile neno lake "thibitisha". Leo alitoa kidaftari mfukoni ili aone ameegesha wapi baiskeli yake, na baiskeli iko mlangoni, inaonekana. Nilipochungulia niliona ameandika pia jina langu, na la Fundi, na siku ya kikao. Alipoona nimeona akakifunga. Akasema, "Kichwa cha mtu si kabati, Bi Karani. Hakina kufuli."

Kumbe utaratibu wa mashahidi wawili si majivuno. Anaogopa. Anataka awepo mtu wa pili wa kumwambia kwamba kweli ilikuwa hivyo. Na mtu wa pili ni mimi, na mimi ndiye niliyemdanganya.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua imepungua. Daraja la muda limewekwa. Muuguzi amepiga simu: kifurushi kitapakiwa wiki ijayo au ile nyingine. Mwalimu ameleta maandishi ya tabaruku, yamepangwa kwa mkono wake, herufi zimesimama wima zote. Akaniomba nikague koma. Hazina kosa.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwambia.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilivaa koti la mvua la mzee wangu nikaenda kwake kabla sijajishauri vinginevyo. Angezisikia kaseti zile, hilo lilikuwa wazi. Kilichobaki ni kama angesikia kwanza kutoka kwangu au kutoka kwenye mashine, mbele ya Fundi, na sahihi yangu iko kwenye kadi.

Anaishi vyumba viwili nyuma ya shule. Alifungua mlango akiwa na taulo begani, akaniambia karibu, akaondoa magazeti kwenye kiti nikae. Kiti cha pili hakukiondolea kitu, kwa sababu hakikuwa na kitu. Kimepanguswa vumbi na mto wake umenyooshwa. Nilijua ni cha nani. Nikaona nisikae, nikasema nikiwa nimesimama, maji yakinitiririka sakafuni mwake.

"Mwalimu, Bi Chumvi hayupo. Nilimtunga mimi, ili kumnasa yule mwizi wa toleo la kwanza. Nilitaka kuwaambia, halafu marehemu akaugua, nikashindwa. Naomba unisamehe."

Alikwenda mezani, akapanga kalamu zake sambamba, akazitazama.

"Kadi ilikuwa na sahihi mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Ya pili ya nani?"

"Yako."

"Niliisoma?"

"Hukusoma. Jino lilikuwa linakuuma. Niliichomeka katikati ya rundo."

"Kwa hiyo nilitia sahihi nimesikia kitu ambacho sikukisikia." Akakaa. "Na marehemu? Alilia. Mimi nilimwona analia, Bi Karani. Sasa alilia nini?"

Nilisema sijui. Hilo ndilo jibu lililoniuma kulitoa kuliko kuomba msamaha, maana ningependa sana kuwa na jibu. Akatikisa kichwa polepole. Nilitaka anigombeze. Amewahi kunigombeza kwa nukta mkato, akanigombeza siku nzima.

"Nenda nyumbani," akasema kwa upole. "Mvua itakuzidi."

Nimelia njiani, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha hapakuwa na haja ya kujificha.

Jumamosi, 27 Aprili

Mwalimu hakuja. Miaka kumi na tisa hajakosa kikao, hata Jumamosi iliyofuata maziko alikuja. Nikalazimika kumwambia Fundi. Kwanza alicheka mpaka akaweka chini kifaa cha kulehemu. Halafu akaacha, nadhani alikumbuka tabaruku. "Dada Karani," akasema, "mimi ningekufichia. Ungeniambia tu, ningeichoma hiyo kaseti wala isingefika." Nikamshukuru. Na nikajua kwa nini mimi na yeye peke yetu tusingeweza kuandika kitabu hata cha kurasa kumi.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Maji yameingia boksi la herufi S. Nimezianika kadi kwenye kamba ya nguo, sebuleni. Mzee wangu anapita chini yake ameinama, hasemi neno. Wema wake huja hivyo.

Jumamosi, 4 Mei

Hakuja. Nilipita kwake, mlango umefungwa, baiskeli haipo. Jirani anasema mzima, anatoka kila asubuhi na kidaftari. Nimetulia kidogo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini sijuti kumwambia. Najuta miaka kumi na moja.

Jumatano, 8 Mei

Kaseti zimefika. Fundi amenipigia. Amesafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na pamba, na hajasikiliza hata sekunde moja, ameapa. Tumemwandikia Mwalimu kikaratasi tukakipitisha chini ya mlango: Jumamosi, saa tatu, 212.

Ijumaa, 10 Mei

Jua. Siku nzima. Nilikuwa nimesahau lilivyo.

Jumamosi, 11 Mei

Nilifika saa tatu kasoro. Mwalimu alikuwa ameshakaa.

Hakuwa amekasirika, au hasira ilikuwa imekwisha. Alinisalimia, akatoa karatasi mfukoni akanipa niisome. Ilikuwa ukurasa wa nyongeza kwa toleo la nne, wenye kichwa "Makosa Yetu", na la kwanza lilikuwa hili: "Bi Chumvi, mpishi wa chombo cha tano, hayupo katika Msafara. Alitungwa na mmoja wetu na kupitishwa na mwingine bila kusomwa." Sahihi yake ilikuwa tayari chini. Aliacha nafasi ya yangu.

"Mwalimu, kosa ni langu peke yangu," nikamwambia.

"Kadi ina sahihi mbili," akasema. "Tia sahihi tuendelee."

Nikatia.

Fundi akaweka kaseti. Mvumo kwanza, halafu ule muziki wa zamani wa kufungulia, wa kinanda kibovu, tukajikuta sote watatu tunatabasamu. Chombo cha tano kimetoboka, na abiria wanahamishwa kwenye vyombo vingine kabla hewa haijaisha. Hapakuwa na mpishi. Hapakuwa hata na jiko. Dakika ishirini nilisikiliza nikimtazama Mwalimu, naye anatazama mashine, mikono juu ya magoti.

Karibu na mwisho yupo mwenye orodha. Ni mzee tu, hana jina, amesimama kwenye mlango wa chombo anaita majina ya wanaovuka. Kila akiita linajibiwa, "Nipo." Akaita jina moja, halikujibiwa. Akaliita tena. Kimya. Akasema, "Mke wangu," kwa sauti ileile ya kusomea orodha, halafu akaita jina lililofuata.

Mwalimu akainua mkono. Fundi akasimamisha.

"Rudisha."

Fundi akarudisha. Tukasikiliza tena, na mara ya tatu.

"Alikuwa anapiga pasi," Mwalimu akasema. "Amesimama pale, na shati langu jeupe mezani. Huyu mzee aliposema vile, akaacha pasi juu ya shati akalia. Shati likaungua. Mimi nikamgombeza." Alivua miwani. "Nilimgombeza kwa ajili ya shati, naye analia. Kwenye kumbukumbu yangu ya Bi Chumvi shati halikuwepo. Nilikuwa nimelisahau lote."

"Basi nimekuharibia," nikasema.

"Hapana. Ulinipa kilio kizuri kisicho na shati. Nimekaa nacho miaka kumi na moja, nilikipenda." Akafuta miwani kwa pindo la shati. "Lakini hiki ndicho chake. Hiki chenye shati."

Fundi alijifanya anatafuta bisibisi. Mimi sikujifanya, nililia tu.

Mwalimu akachukua kadi tupu, akaandika: "Sehemu ya 212. Mwenye orodha anaita jina la mkewe mara mbili, halijibiwi." Akatia sahihi, akampa Fundi, Fundi akanipa mimi. Kadi yenye sahihi tatu, haijawahi kutokea. Akasema tabaruku iwe jina la marehemu tu, bila maelezo.

Halafu akachukua kadi nyingine. Aliandika taratibu, akatia sahihi, akaisukuma mbele yangu na kalamu juu yake. Ilisema: "Mke wa Mwalimu alilia hapo."

Niliisoma mara mbili. Ningetoa chochote niandike jina langu pale.

"Mimi sikuwepo, Mwalimu," nikasema. "Siwezi kutia sahihi."

"Huwezi?"

"Sikumwona."

Akanitazama, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu mwezi wa tatu. Akaivuta kadi, akaikunja mara moja katikati, akaitia mfuko wa shati upande wa kushoto na kuufunga kifungo. Kadi yenye sahihi moja haiingii kitabuni. Hiyo anayo yeye.

Nje watu walikuwa wanaanika magodoro. Mwalimu akavaa miwani, akachukua kadi ya juu kwenye rundo la herufi T, akaisoma yote kwa sauti ya darasani.

"Shahidi wa kwanza?" akauliza.

"Nipo," nikasema.